Siri ya mtoto si mali ya mlipa karo

Jirani yangu mmoja, mzee wa makamo ambaye kwa miaka mingi amekuwa dereva wa familia za wageni kule Runda na Gigiri, alinijia nyumbani Jumapili moja jioni akiwa na jambo lililomkera rohoni. Nilimkaribisha chai akakataa. Mzee huyu akikataa chai, basi ujue mambo si mema.

Kazi yake wakati huo ilikuwa kumpeleka shule na kumrudisha kijana wa miaka 13, mwana wa afisa mmoja wa kigeni. Kijana mwenyewe alikuwa amelelewa hapa Nairobi na yaya kutoka Machakos tangu akiwa mchanga, kwa hivyo Kiswahili chake kilinyooka kuliko cha wazazi wake. Mzee alimwita mjukuu, naye alimwita Babu.

Siku moja kijana aliingia katika afisi ya mshauri nasaha wa shule yao, shule ya kimataifa ambayo sitaitaja. Kama alivyomsimulia yaya baadaye, mama yule mshauri alimkalisha kitako, akamwambia asiogope, maana lolote litakalosemwa mle ndani lingebaki kati yao wawili. Kijana akafungua moyo. Akaeleza kuwa babake humcharaza kwa mshipi, na akafunua mgongo.

Kufikia saa nane mchana, mkuu wa shule alikuwa na habari. Kufikia saa kumi, baba mtu alikuwa amekwisha kupigiwa simu, kwa kuwa alikuwa mmoja wa wanachama wa bodi ya shule na mkuu aliona heri jambo hilo lizungumzwe kirafiki kabla halijavuma. Jioni hiyo kijana hakutamka neno njia nzima. Walipokaribia lango la nyumbani ndipo alipomwambia mzee, "Babu, kumbe hata pale si mahali pa kusema."

Majuma mawili baadaye akapelekwa shule ya bweni ng'ambo. Mzee hajamwona tena.

"Sasa wewe uliyesoma niambie, mwanangu," mzee aliniuliza. "Yule mama alikosa kwa kusema, ama angekosa kwa kunyamaza?"

Sikuwa na jibu usiku ule. Tangu hapo nimezungumza na washauri kadha, nimesoma kanuni za kazi yao na sheria za nchi, na nadhani sasa ninaweza kumjibu. Mama yule alikosa kabla hajasema wala kunyamaza. Alikosa alipoahidi.

Huenda wewe msomaji unajiuliza shule hizo za mabwanyenye zatuhusu nini sisi tunaohangaika na karo ya shule za kutwa. Zatuhusu sana. Watoto wale huamshwa na yaya zetu, hupikiwa na wapishi wetu, huendeshwa na madereva wetu na kufunguliwa lango na mabawabu wetu. Wa kwanza kuuona mgongo wenye alama si mshauri bali ni yule anayemwogesha mtoto. Isitoshe, siku hizi madawati ya shule hizo yamejaa watoto wa Wakenya, ambao wazazi wao wako radhi kulipa zaidi ya shilingi milioni moja kwa mwaka.

Shule za aina hii zina historia ndefu. Ile ya Geneva, Uswisi, ilifunguliwa mwaka 1924 kwa ajili ya watoto wa maafisa waliokwenda huko kufanya kazi katika mashirika ya kimataifa ya wakati huo. Mfumo wa masomo wa International Baccalaureate, ambao shule nyingi kati ya hizi hufuata, ulianzishwa mji huo huo mwaka 1968. Hapa kwetu, Umoja wa Mataifa ulipoamua mwaka 1972 kwamba shirika lake la mazingira, UNEP, liwe na makao yake makuu Nairobi, wageni wakaongezeka na watoto wao wakahitaji pa kusomea. International School of Kenya ilianzishwa mwaka 1976 kwa ushirikiano wa serikali za Marekani na Kanada. Nyingine nyingi zikafuata.

Mtoto wa shule hizo ana kila kitu isipokuwa nyanya. Nisemapo hivyo sifanyi mzaha. Katika nyumba zetu, mtoto aliyepigwa kupita kiasi hukimbilia kwa nyanya yake, au kwa shangazi, au hata kwa jirani wa ukuta wa pili, na mtu mzima fulani huja kumkabili baba. Mtoto wa mgeni nyanya yake yuko mwendo wa saa nane kwa ndege. Kila baada ya miaka miwili au mitatu baba huhamishwa, na mtoto huwaacha marafiki akaanza upya. Mwanasosholojia wa Marekani, Ruth Hill Useem, aliyechunguza maisha ya Wamarekani walioishi India katika miaka ya 1950, ndiye aliyewapa watoto wa namna hii jina: watoto wa utamaduni wa tatu. Si wa kwao, si wa kwetu, ni wa hapo katikati.

Kwa mtoto kama huyo, mshauri nasaha huenda ndiye mtu mzima pekee nje ya nyumba yao anayeongea lugha yake na kujua jina lake. Ndiyo maana ahadi ya mshauri ni kitu kizito.

Kanuni za kazi hii zimekuwepo kwa muda mrefu. Chama cha washauri wa shule cha Marekani, American School Counselor Association, kilipitisha kanuni zake za maadili mwaka 1984 na kimezirekebisha mara kadha, mwaka 2022 ikiwa mojawapo. Washauri wengi wanaokuja kufanya kazi katika shule zetu wamefunzwa huko au Uingereza. Na jambo moja ambalo mafunzo yote hayo yanakubaliana ni kwamba mtoto aelezwe mipaka ya siri kabla ya kuitoa siri yenyewe.

Mshauri mmoja ambaye amefanya kazi hiyo hapa Nairobi kwa zaidi ya miaka kumi alinieleza maneno anayowaambia watoto siku ya kwanza. Huwaambia hivi: "Utakayonieleza nitayahifadhi. Lakini nikisikia kwamba unaumizwa, au unataka kujiumiza, au unataka kumwumiza mwingine, hapo sitanyamaza. Nitatafuta msaada, na wewe utakuwa wa kwanza kujua ninakwenda kwa nani."

Nilimuuliza kama watoto hawaogopi wakisikia hivyo. Alicheka. Akasema wapo wanaonyanyuka na kwenda zao, na muhula mzima hawaonekani. Kisha siku moja wanarudi, na hapo wanaporudi wanajua wamekuja kufanya nini. Mtoto aliyerudi hivyo amekwisha kuamua kwamba anataka msaada. Yule aliyehadaiwa kwamba siri haitatoka hajaamua lolote; ameporwa tu.

Ulimwengu ulijifunza jambo hili kwa gharama kubwa. Mwaka 1969 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwanafunzi mmoja alimweleza mwanasaikolojia wake kwamba angemuua msichana aliyemkataa. Mwanasaikolojia aliwaarifu polisi wa chuo, nao wakamshika kijana kwa muda mfupi na kumwachilia. Hakuna aliyemwonya msichana mwenyewe, Tatiana Tarasoff, wala wazazi wake. Oktoba mwaka huo akauawa. Wazazi wakaenda kortini, na mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya California ikaamua kwamba mtaalamu wa aina hiyo ana jukumu la kumlinda anayetishiwa, hata kama ni kwa kuitoa siri ya mgonjwa. Tangu hapo hakuna mshauri aliyefunzwa vyema Marekani ambaye hajasikia jina la Tarasoff.

Lakini California si Kenya. Na hapa ndipo mambo yanapowatatiza washauri wengi wa shule hizi, kwa kuwa wanafika Jomo Kenyatta na begi mbili, moja ya nguo na nyingine ya sheria za kwao.

Chukua mshauri kutoka Uingereza. Amefunzwa kwamba tangu uamuzi wa mahakama yao wa mwaka 1985 uitwao Gillick, mtoto wa chini ya miaka 16 anaweza kukubali matibabu mwenyewe iwapo ana akili ya kuelewa jambo hilo. Hapa kwetu mtoto ni mtu yeyote ambaye hajatimu miaka 18, na Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 haimtambui mtoto kuwa anaweza kukubali kulala na mtu mzima. Msichana wa miaka 16 anayemweleza mshauri wa kutoka London kuhusu mpenzi wake wa miaka 25 hasimulii mapenzi ya ujana tu. Chini ya sheria ya Kenya, anasimulia uhalifu aliotendewa.

Au chukua msichana anayesema kwamba likizo ijayo atapelekwa nchi ya baba yake "kufanywa mwanamke". Sheria ya mwaka 2011 iliyopiga marufuku ukeketaji inamfikia hata anayemtoa mtoto Kenya kwenda kumkeketa nchi nyingine, na ni kosa kwa mtu anayejua jambo hilo limepangwa kukaa kimya bila kuripoti. Mshauri hawezi kusema kwamba hiyo ni mila ya watu na yeye ni mgeni. Akinyamaza naye ana kesi.

Kwa bahati nzuri, mengine yamebadilika kwa upande wa huruma. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai kilimfanya mtu aliyejaribu kujitoa uhai kuwa mhalifu, na angeweza kufungwa hadi miaka miwili. Hebu fikiria mshauri anayetaka kumwokoa mtoto wa miaka 15 huku akijua kwamba kulitamka jambo hilo mbele ya askari ni kumfungulia mtoto jalada. Tarehe 9 Januari 2025, Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka katiba. Mshauri ambaye bado anaficha habari kama hizo kwa kuogopa polisi amepitwa na wakati, na mtoto ndiye atakayeumia.

Washauri wenyewe wana sheria yao, ile ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, ambayo inataka anayefanya kazi hii awe amesajiliwa. Sioni kwa nini mgeni mwenye shahada tatu asisajiliwe kama mwenzake wa Kakamega. Mzazi aulizaye mshauri wa mwanawe amesajiliwa wapi hamkosei mtu heshima.

Basi turudi kwa yule mama wa mzee wangu. Kosa lake la pili ni kwamba habari alizipeleka mahali pasipofaa, au tuseme aliziacha zifike pasipofaa. Kumwarifu mkuu wa shule si kosa. Shule nyingi zinautaka utaratibu huo, na mshauri hapaswi kubeba mzigo kama ule peke yake. Lakini mkuu alipoinua simu kumpigia baba, alimpelekea fisi habari za mbuzi. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inamruhusu mtu yeyote mwenye sababu ya kuamini kwamba mtoto anahitaji ulinzi kupeleka habari kwa afisa aliyepewa mamlaka hayo, kwa mfano afisa wa watoto. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inasema maslahi ya mtoto ndiyo yatangulie katika kila jambo linalomhusu. Haikutaja karo wala viti vya bodi.

Wazazi huja juu wakisikia haya. Mzazi mmoja Mkenya, mfanyabiashara, aliniambia waziwazi, "Nalipa pesa zangu, mtoto ni wangu, kila anachomwambia yule mshauri nina haki ya kukijua." Simlaumu sana. Mzazi ana haki ya kujua kwamba mwanawe anaonana na mshauri, ana haki ya kujua mtoto akiwa hatarini, na mshauri anayemgeuza mtoto dhidi ya wazazi wake ni hatari kama ugonjwa. Lakini mtoto wa miaka 14 aliyemweleza mshauri kwamba anachukia kinanda na anampenda msichana wa darasa lake hayuko hatarini. Yapo ya kuachwa yalipo.

Hata waliotunga Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 waliliona hilo. Sheria hiyo inataka ruhusa ya mzazi au mlezi kabla ya habari za mtoto kushughulikiwa. Hata hivyo imeacha mlango mdogo: anayetoa huduma za ushauri au ulinzi wa mtoto, na hizo pekee, huenda asihitajike kuomba ruhusa hiyo. Walijua kwamba mara nyingine mwenye kutoa ruhusa ndiye mwenye mshipi. Shule yenyewe, ambayo pia inafundisha hesabu na kuuza sare, haiwezi kujificha nyuma ya mlango huo. Ndiyo maana daftari la mshauri halifai kuwekwa pamoja na majalada ya alama za mitihani ambayo kila karani anayafungua.

Nimesema baba yule alikuwa mgeni mwenye cheo. Wengi hudhani kwamba hapo mambo hukwama, eti mwanadiplomasia hagusiki. Ni kweli kwamba Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 unampa mwanadiplomasia kinga, asikamatwe wala kushtakiwa katika nchi anamofanyia kazi, na kinga hiyo inawafunika pia jamaa anaoishi nao. Lakini mkataba huo huo unaipa nchi yake uwezo wa kumwondolea kinga, na unaipa nchi iliyompokea uwezo wa kumtangaza kuwa hatakiwi na kumtaka aondoke. Kinga humkinga na mahakama zetu. Haimzuii mshauri kuripoti, wala haizuii ubalozi wake kuulizwa maswali na Wizara ya Mambo ya Nje. Si kila mgeni wa Gigiri ana kinga hiyo kamili, ingawa wengi hutembea kana kwamba wanayo.

Kinachowafunga mdomo washauri mara nyingi si kinga bali ni mkate. Mshauri aliyetoka ng'ambo huwa na mkataba wa miaka miwili. Nyumba anayolala ni ya shule, bima ni ya shule, kibali cha kufanya kazi nchini kimeombwa na shule, na watoto wake mwenyewe wanasoma pale bila kulipa. Jumamosi anacheza tenisi na wazazi wa watoto anaowasikiliza Jumatatu. Hapa mjini pana wageni wengi, lakini ulimwengu wao ni mdogo kama kijiji. Wanakutana duka lile lile, daktari yule yule, karamu ile ile. Mshauri mwenye busara hujiwekea mipaka mapema: hapokei zawadi za thamani, hamsikilizi mtoto wa rafiki yake wa karibu bali humpeleka kwa mwenzake, hamwandikii mtoto ujumbe wa simu usiku wa manane. Ni mambo madogo kuyataja lakini kuyafuata ni kazi.

Na pale ambapo jina la shule liliwekwa mbele ya watoto, dunia iliona matokeo. Mmarekani William Vahey alifundisha katika shule za kimataifa kwa takriban miaka 40, Iran, Saudi Arabia, Indonesia, Venezuela na kwingineko, akaja London na hatimaye Nicaragua. Alikuwa amepatikana na hatia ya kuwadhulumu watoto huko California tangu 1969, lakini shule moja baada ya nyingine zilimpokea. Mwaka 2014 kifaa kidogo cha kuhifadhi picha za kompyuta kilichoibwa na mfanyakazi wa nyumbani kwake kilimfikia mkuu wa shule. FBI walisema kilikuwa na picha za wavulana wasiopungua 90. Vahey alijitoa uhai siku chache baadaye. Uchunguzi uliofanywa London ulionyesha kwamba zilikuwepo dalili na malalamiko ambayo hayakufuatiliwa ilivyopasa.

Tafadhali tazama tena ni nani aliyekifichua kisa hicho. Si mkuu wa shule, si bodi, si mshauri. Ni kijakazi.

Baada ya kisa hicho, mwaka huo huo wa 2014, vyama vya shule za kimataifa viliunda jopo la pamoja la kulinda watoto, na tangu hapo shule nyingi zimekaza masharti ya kuajiri. Huulizia rekodi ya polisi ya kila nchi ambako mwalimu amefanya kazi, na hupigia simu shule ya awali badala ya kuridhika na barua. Ni vizuri. Lakini mwenye kuisikia sauti ya mtoto kwanza bado ni mshauri, na akifunzwa kwamba kazi yake ni kulinda sifa ya shule, simu zote hizo za kuajiri ni bure.

Kabla sijasahau, kuna jambo lingine linalowahusu hasa wazazi wa vidato vya juu. Katika shule nyingi za aina hii, mshauri anayefuta machozi ndiye huyo huyo anayeandika barua za kumsaidia mwanafunzi kuingia vyuo vikuu vya Marekani. Mtoto alilazwa mwaka jana kwa sababu ya huzuni nzito. Chuo kinauliza kwa nini alama zilishuka. Mshauri aandike nini? Akiandika ukweli wote amemvua mtoto nguo mbele ya watu asiowajua. Akidanganya ameharibu jina lake na la wanafunzi watakaofuata. Washauri niliozungumza nao walinieleza njia moja: mshauri na kijana wakae chini pamoja, na wazazi pia iwapo ni mdogo, wakubaliane ni maneno gani yatakwenda. "Alikuwa mgonjwa muhula wa pili, akapona, na hizi ndizo alama zake tangu arudi." Maneno hayo ni ya kweli na yanatosha. Yasiyokubaliwa hayaandikwi. Nadhani nami ningeridhika na hilo kama ningekuwa mzazi, ingawa kwa mshahara wa mwandishi sitapata nafasi ya kujaribu.

Mshauri naye lazima akumbuke kuwa mtoto hulia kwa lugha yake. Mtoto wa Kikorea au wa Kisomali anayesoma kwa Kiingereza anaweza kusema "niko sawa" kwa Kiingereza safi kabisa, na uchungu wake ukabaki kwa lugha ya mama. Kumwita ndugu yake mkubwa amtafsirie ni kosa, kwa sababu huenda ndugu huyo ndiye anayeogopwa, au ndiye atakayeyabeba yote nyumbani. Mkalimani wa nje, aliyeapishwa kutunza siri, yuko. Gharama yake si kitu kwa shule yenye bwawa mbili za kuogelea.

Jumapili iliyopita nilimwendea mzee kwake nikampa jibu langu. Alinisikiliza hadi mwisho. Nilimwambia kwamba kusema kulikuwa wajibu wa mama yule, ila alipaswa kumwonya kijana kwanza, na kuhakikisha habari zinafika kwa watu wa kumlinda, si kwa baba.

Mkewe alileta chai na mahamri. Mzee alinywa kikombe kizima kabla ya kusema lolote. Siku hizi anaendesha familia nyingine, na nyuma ya gari hukaa msichana wa miaka 6 ambaye humhesabia magari meupe kwa Kiswahili.

"Na mimi dereva nikiona jambo?" akaniuliza. "Sina afisi, sina cheti. Nikifungua mdomo kazi imekwenda."

Nikamwambia kwamba sheria haikuchagua cheti, imesema mtu yeyote. Nikamweleza kuhusu nambari 116 ya Childline, ambayo hupigwa bila malipo, na kwamba anachotakiwa kusema ni kile alichokiona kwa macho yake. Aliwaza kidogo. Akaniuliza kama hao wa simu pia huahidi kutomwambia mtu. Nikamwambia aanze kwa kuwauliza hilo, kabla ya kuwaeleza kitu.

Akatoa kile kitabu chake cha kuandikia safari za gari, akaandika 116 kwenye ukurasa wa kwanza, juu ya namba ya fundi wa magurudumu.